Msaada: kompyuta ndogo kwenye boksi la mbao, feni na taa zimezidi heda za mazabodi

kijana_wa_tanga

Habari za usiku wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu maana nimefika mahali sitaki kuendelea kwa kubahatisha. Nimejenga kompyuta ndogo, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ni mini-ITX ile ya sentimita 17 kwa 17, prosesa Ryzen 5 5600G, pawa saplai ya SFX wati 450, boksi nilimchorea fundi seremala akanitengenezea la mninga na upande mmoja kioo, limetoka zuri sana kwa kweli.

Sasa shida mazabodi ina heda (pini za kuchomekea waya) mbili tu za feni, CPU_FAN ya prosesa na CHA_FAN ya boksi, na heda moja ya taa za ARGB, zile ambazo kila taa inabadilishwa rangi kivyake. Mimi nina feni nne za milimita 120 za pini nne zimeandikwa 0.18A, na moja ya 140 ya zamani ya pini tatu imeandikwa 0.30A, halafu taa za mkanda mita mbili, kila mita taa 60. Nikanunua waya za Y (za kugawa heda moja kwa feni mbili) nikazipandanisha feni zote tano zikaingia CHA_FAN, taa zote kwenye ile heda moja. Mashine inawaka lakini kwenye bayosi (ukurasa wa mipangilio ya mazabodi) spidi ya feni inarukaruka, mara 900 mara 3400 mara sifuri, na ile feni kubwa inavuma muda wote haishuki. Mkanda nao nikiweka rangi nyeupe mwanzo unakuwa mweupe kabisa, ukifika mwisho ni kama chungwa. Nimegusa waya wa taa una joto. Nimezima.

Hii mashine nimeidunduliza miezi mingi ndo nafanyia kazi za kuhariri video za harusi, sitaki kuiunguza. Kuna jamaa kaniambia taa nizipe moto wa chaja ya simu, ni sawa?

fundi_waya

Mkuu umefanya vizuri sana kuzima, na hongera kwa boksi, mninga unakaa.

Tuanze na feni. Heda ya feni kwenye mazabodi nyingi imepimwa ampea 1, yaani wati 12 kwa volti 12 (kitabu cha mazabodi yako kitakuambia, angalia ukurasa wa heda). Piga hesabu: 0.18 mara nne ni 0.72, ongeza 0.30 ya ile kubwa unapata 1.02. Umeshavuka, na hiyo ni zikiwa tayari zinazunguka, pale zinapoanza huvuta zaidi. Inaweza kwenda hivyohivyo mwezi, inaweza ikaondoka na heda siku yoyote, na heda ikiungua kwenye mazabodi ndogo kama hiyo huna ya akiba.

Spidi kurukaruka siyo ubovu. Pini ya tatu kazi yake ni kurudisha taarifa ya mzunguko, feni inatuma mapigo mawili kila ikizunguka mara moja, sasa feni tano zote zinapiga kelele kwenye waya mmoja mazabodi itahesabu nini? Ndo maana waya wa Y uliotengenezwa vizuri una pini nne upande mmoja na upande wa pili pini tatu tu, ile ya spidi wameing'oa kwa makusudi. Ya kwako naona zote zina nne.

Na hiyo kubwa haishuki kwa sababu haina pini ya nne. Heda ikiwa kwenye PWM (kudhibiti spidi kwa mapigo ya umeme), volti 12 inakaa palepale muda wote na amri ya kupunguza inapita kwenye pini ya nne, feni ya pini tatu haiisikii kabisa, itakwenda spidi ya mwisho mpaka ufe.

Dawa ni habu ya feni (kigawio cha kuchomekea feni nyingi) inayokula moto kutoka pawa saplai kwa plagi ya SATA, ile bapa ya kulishia diski. Kutoka kwenye habu unapeleka waya mmoja tu CHA_FAN, huo unabeba amri na spidi ya feni moja (ile iliyo kwenye tundu namba moja). Mazabodi inatoa amri tu, moto unatoka pawa saplai. SATA kwa volti 12 ina pini tatu za ampea 1.5 kila moja, jumla 4.5, feni zako nne ni chini ya moja, zitalala humo.

mtaa_wa_pili

Kama hana plagi ya SATA iliyobaki anunue adapta ya kutoka Molex (plagi ya zamani ya pini nne kubwa) kwenda SATA, zimejaa madukani bei ya soda mbili, hakuna haja ya stori ndefu

dada_mitambo

Kaka hapo naomba nikukatalie kabisa. Hizo adapta za bei ya soda nyingi kichwa cha SATA kimemwagiwa plastiki, waya ndani zimekaa karibukaribu, plastiki ikilegea kwa joto ya volti 12 inagusana na negativu. Zimeshachoma kompyuta za watu, ni tatizo linalojulikana miaka mingi. Na huyu ana boksi la MBAO. Kama lazima adapta atafute ile ambayo kichwa cha SATA unaona kila waya umebanwa kivyake na kifuniko kinafunguka nyuma. La sivyo anunue habu yenye mdomo wa Molex moja kwa moja.

Nyingine ambayo watu husahau: kama pawa saplai yako waya zake zinachomoka, usiazime kebo ya pawa saplai nyingine hata kama inaingia vizuri. Upande wa kompyuta zinafanana, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, utapeleka 12 panapotakiwa 5.

Sasa taa, maana hapo ndo joto lako lilipo. Taa moja ya ARGB ikiwa nyeupe kabisa na mwanga wa mwisho inaweza kula miliampea 50 hivi. Una taa 120. Hiyo ni ampea 6 kwa volti 5, wati 30! Heda ya ARGB kawaida ni ampea 3. Na rangi ya chungwa mwishoni ni volti inapungua njiani, ule ukanda wa shaba ndani ya mkanda ni mwembamba, ikishuka bluu na kijani zinafifia kwanza kwa sababu zinahitaji volti kubwa kuliko nyekundu, nyekundu inabaki inang'aa peke yake.

Chaja ya simu hapana. Chaja nyingi hazifiki ampea 6, halafu usipounganisha negativu yake na ya kompyuta taa zitacheza ovyo, na ukizima mashine zenyewe zinabaki zinawaka.

Fanya hivi. Kutoka heda ya ARGB chukua waya mbili tu, wa data na wa negativu, ule wa volti 5 ukate ufunike vizuri usiguse kitu. Volti 5 ichukue kwenye Molex, waya mwekundu ni 5, wa njano ni 12, nyeusi mbili za katikati negativu. Kama zako zote nyeusi PIMA kwa multimita kabla hujaunganisha, mkanda wa volti 5 ukiupa 12 unakufa hapohapo hakuna kuurudisha. Lisha mkanda mwanzo na mwisho, waya usipungue milimita za mraba 0.75, weka fyuzi ya ampea 5 kwenye mwekundu. Kwenye programu shusha mwanga mpaka nusu, na nakuhakikishia ndani ya boksi lile nusu inatosha, ukiweka wote utaumia macho.

pwani_mombasa

Salamu nduguyangu. Wenzangu washasema ya moto, mie naongeza la kwetu huku pwani, Tanga na Mombasa hewa ni moja. Chumvi yala pini. Pini ikifanya kutu haishiki sawasawa, isiposhika yapata joto, yale joto yazidi kulegeza. Waya ulehemu ufunike na mpira wa kubana, usizungushie seloteipu, kwa joto letu gundi yayeyuka mwezi mmoja yaachia. Na feni tano kwenye kijiboksi za nini? 5600G ni wati 65. Mbili ziingize hewa chini, moja itoe juu, weka chujio la vumbi mbele ulioshe kila wiki mbili.

kijana_wa_tanga

Wakuu narudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, habu imechukua siku nne kufika kutoka Dar.

Nimetumia habu ya Molex, feni tatu tu kama alivyosema kaka wa Mombasa, ile ya 140 nimeitoa. Spidi sasa inasoma 1100 na imetulia palepale, nikianza kurenda video (kutoa ile iliyohaririwa) inapanda taratibu ikimaliza inashuka. Nilichelewa kidogo kwenye taa kwa sababu waya zangu kumbe zote nyeusi, nikapima kama dada alivyosema, na mmoja niliodhani ni wa 5 ulisoma 12.1. Ningeua mkanda wote. Asante sana dada, kweli kabisa.

Sasa nyeupe ni nyeupe mwanzo mpaka mwisho, waya ni wa baridi hata baada ya masaa mawili. Swali la mwisho, ile feni ya 140 naweza kuitumia popote au niigawe?

fundi_waya

Ungekuwa na heda nyingine ungeiweka peke yake, bayosi ukaibadilisha heda hiyo kutoka PWM kwenda DC, hapo inashuka kwa kupunguziwa volti. Kwa sasa iweke kwenye adapta ya volti 12 nyuma ya ruta au kisimbuzi, vinateseka sana na joto hivyo vitu.