Modeli inahamishia Tanga nzima kwenye gesi kwa mkupuo: uamuzi wa kaya uingizweje?

Chumbageni: Habari za kazi, wadau. Naandaa modeli ya nishati ya kupikia ya Jiji la Tanga hadi 2034, mwaka ambao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Natumia OSeMOSYS, programu huria ya kupanga mifumo ya nishati. Kila nikiiendesha, mkaa unatoweka mwaka wa pili. Bei nimezihakiki. Nifanyeje ili kaya na taasisi zionekane zinaamua zenyewe?

Mwahako: Tatizo si bei. OSeMOSYS hutafuta gharama ndogo kuliko zote, kana kwamba jiji lina mnunuzi mmoja mwenye fedha taslimu na anayeijua kesho. Kilo ya mkaa ina nishati ya takriban megajuli (MJ) 30. Kwa jiko la bati la ufanisi wa asilimia 20, sufuria inapata 6. Kilo ya gesi ina 46, na kwa asilimia 55 sufuria inapata 25. Modeli itasita kwa lipi? Anayesita ni mama wa Ngamiani anayenunua mkaa wa kopo kwa hela ya siku.

Gawa kaya kwa kipato, angalau makundi matatu, kisha lipe kila kundi teknolojia zake na riba yake, yaani kipimo cha jinsi linavyothamini hela ya leo kuliko ya kesho; kaya yenye hela kidogo ipe riba kubwa (matoleo mapya yana kigezo cha riba kwa kila teknolojia). Jiko na mtungi vya shilingi 100,000, vikidumu miaka 10, ni shilingi 16,300 kwa mwaka kwa riba ya asilimia 10. Kwa asilimia 40 ni 41,400. Riba hiyo kubwa ni ya uamuzi wa kaya tu. Ukipima faida kwa taifa, tumia ya kawaida.

Raskazone: Sawa kabisa, ila kundi zima bado litahama siku moja. Gawa mahitaji kwa chungu: chai na mboga, maharage, wali wa nazi. Wali unapaliwa makaa juu ya mfuniko, kwa hiyo nyumba yenye mtungi bado inanunua mkaa.

Kwenye umeme kuna mtego mbaya zaidi. Bei ya D1, daraja la wateja wadogo wa nyumbani, ni shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi ni 350, kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha jiji zima, modeli inachukua uniti za bei nafuu zisizotumika nyumba moja na kuipa nyingine, na umeme unaonekana rahisi kuliko ulivyo. Weka kikomo cha 75 kwa kila kundi, baada ya kutoa taa, friji na televisheni.

Pongwe: Kwa taasisi, lile agizo la serikali la wanaolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa usiliingize kama sifuri ya ghafla. Shule inasubiri bajeti ya Julai, majiko makubwa na mtu wa kukagua. Fanya sehemu ya wanaotii iwe kigezo kinachopanda mwaka hadi mwaka, uendeshe kwa viwango vitatu.

Halafu ijaribu nyuma. Sensa za 2012 na 2022 zote ziliuliza nishati ya kupikia. Anzia 2012, isipofika kwenye mgawanyo wa 2022, rekebisha riba za makundi kabla hujaigusa 2034.