RZR XP 1000 kwenye mawe ya Rubicon: nianze na kipi?

Mzee_wa_Granaiti
Wakuu, habari za jioni. Kuna RZR XP 1000, kigari cha Polaris cha nje ya barabara, ya viti viwili, ipo kama ilivyotoka dukani, tairi za inchi 29. Imezoea mchanga na njia za msituni. Mwezi wa nane tunataka kuipitisha Rubicon, ile njia ya mawe hapa California, kuingilia Loon Lake na kutokea upande wa Tahoe. Bajeti ya vipuri ni dola 1,500. Mmoja anasema niinue gari, mwingine ananiambia tairi kubwa, wa tatu klachi. Kwa mawe makubwa na mwendo wa kobe, kipi kinatangulia? Na mkanda, ule wa mpira kati ya puli mbili za klachi unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia, unalindwaje?

Fundi_Puli
Mkanda unalindwa na mguu wako, na hiyo haina gharama. Kwenye mawe weka L, gia ya mwendo mdogo, tangu unaingia hadi unatoka. Ukiwa H, gia ya mwendo mkubwa, kwa kilomita 5 kwa saa, puli ya mbele haijaubana mkanda sawasawa, mkanda unateleza na joto lote linaishia humo.

Kosa linaloua mikanda ni hili: tairi imegota kwenye jiwe, gari halisogei, dereva bado anakanyaga mafuta. Puli inazunguka, mkanda umesimama, unasuguliwa sehemu ileile moja. Sekunde chache zinatosha. Ukiutoa utakuta pale pamekuwa pembamba kama kiuno cha nyigu, pande zote mbili zinang'aa. Kuanzia hapo gari litatetemeka kila linapoondoka, na mkanda huo haurudi tena. Likigota achia mafuta, rudi nyuma nusu mita, panga mawe chini ya tairi au tafuta pa kupitia pengine.

Mlimani gari lishikwe na breki, sio mafuta. Ukitaka kuondoka, kanyaga kwa uhakika hadi klachi ishike, ndipo uachie breki. Usidonoedonoe.

Beba mkanda wa akiba na kile kifaa cha kutanulia puli ya nyuma, na jifunzie kuubadilisha nyumbani, penye taa. Mkanda ukikatika usikimbilie kuvisha mpya. Toa kwanza nyuzi zote: hujificha nyuma ya puli na kwenye njia ya hewa, nyingine hujiviringisha kwenye shafti na kuharibu sili. Futa nyuso za puli kwa kitambaa safi na dawa ya kusafishia breki. Alama ya kidole chenye grisi tu inatosha kuufanya mkanda mpya uteleze.

Chini_ya_Gari
Fundi Puli kamaliza ya mkanda. Sasa hizo dola.

Uvungu kwanza. Nunua bamba la plastiki ya UHMW, unene wa nusu inchi. Aluminiamu ikipata michubuko huanza kung'ang'ania granaiti, plastiki hii huteleza. Kagua vichwa vya boli, vizame ndani ya bamba. Kilichochomoza kitanyolewa na jiwe la kwanza.

Zinazofuata ni zile fimbo zinazoshika gurudumu la nyuma. Ya chini inaning'inia kuliko kitu chochote kingine na ndiyo inayopinda mapema. Tafuta zilizokunjwa kwenda juu. Kisha tairodi (fimbo za usukani) nene, na moja ya kiwandani uibebe kama akiba.

Kuinua gari niachie mbali. Unapandisha uzito juu na kuongeza pembe ya sivi, yaani viungo vya kukunjia ekseli, halafu zile fimbo za nyuma zinabaki karibu na ardhi vilevile, kwa sababu zimefungwa kwenye gurudumu. Tairi ndizo zinazoinua kila kitu: ukitoka 29 kwenda 32 unapata inchi moja na nusu. Ila tairi za 32 ni nzito, mkanda unafanya kazi zaidi, na klachi itataka kurekebishwa. Kwa bajeti yako ningekomea 30 zenye nguvu ya ply 8 (tabaka nane).

Ekseli nyingi za mbele hukatika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku mtu anakanyaga mafuta. Nyoosha usukani kidogo, ndipo upande.

Mzee_wa_Granaiti
Asanteni sana. Upepo niweke ngapi? Rimu ni za kawaida, hazina pete ya kubana tairi. Na kushuka je? Nasikia Cadillac Hill ina mteremko mkali.

Kamba_na_Winchi
Mkuu, ukitokea Loon Lake, Cadillac Hill unaipanda, huishuki, ila miteremko mingine ipo ya kutosha. Upepo anza na psi 12, ukiona tairi bado inaruka juu ya mawe shuka hadi 10. Chini ya hapo, kwa rimu hizo, tairi itachomoka ukikaa kiubavu. Beba pampu.

Mteremkoni usiitegemee injini. Ukiachia mafuta kabisa klachi inafunguka na gari linaserereka lenyewe. Mguu wa kushoto uwe kwenye breki, wa kulia uguse mafuta kidogo tu ili mkanda ubaki umeshikwa. Ukianza kusikia harufu ya mpira umezidisha.

Jambo jingine la RZR: magurudumu ya nyuma yamefungwa pamoja muda wote, ya mbele yanasubiri hadi ya nyuma yateleze. Kwenye ngazi ya jiwe utasikia nyuma inazunguka, kisha mbele inashika kwa kishindo. Ukiwa umekanyaga sana, kishindo hicho kinaenda moja kwa moja kwenye ekseli.

Winchi ya pauni 4,500 yenye kamba ya nyuzi inatosha. Unapovuta, injini isiwe kwenye mzunguko wa chini kabisa (sailensa), maana winchi, feni na usukani wa umeme vinagombania betri moja na usukani huwa mzito ghafla.

Nyavu za mlangoni fungeni nyote wawili. Gari likianza kulala mkono hutoka nje wenyewe, na chuma cha paa ndicho kinachoufuata.

Kaunti ya El Dorado inataka ubebe vifaa vya kufyonza mafuta yaliyomwagika na mfuko wa choo. Viweke mahali pa kufikika, sio chini ya majokofu.