Duka la kifahari la mtandaoni limekalia 117,000 zangu, na kila asubuhi linanitumia punguzo

Wadau, salamu baadaye. Leo nimeamka saa kumi na moja, nikashika simu kuangalia kama pesa yangu imerudi, nikakuta ujumbe kutoka kwa watu hao hao ninaowadai: "Tumekukumbuka! Asilimia 15 zaidi, kwa ajili yako tu." Hii ni siku ya 131 tangu mkoba wao ufike ghalani kwao. Deni hawalikumbuki. Kuniuzia wanakumbuka.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kununulia watu vitu vya majuu. Nina kaduka ka mita mbili kwa mbili, ghorofa ya tatu kwenye jengo moja la Moi Avenue, Nairobi, kati ya jamaa wa wigi na jamaa wa skrini za simu. Mteja ananitumia picha, mimi natafuta kitu hicho kilipo kwa bei ya kueleweka, nalipa kwa kadi yangu, mzigo unaenda kwa ajenti London, unapakiwa pamoja na wa wengine, tunalipia kwa kilo, unatua JKIA, uwanja wetu wa ndege. Mimi nakula asilimia 10. Nimefanya hivyo tangu 2017 na sijawahi kufungua uzi wa kulalamika. Leo nafungua.

Mama mmoja wa Lang'ata alikuwa na ruracio ya binti yake, yaani sherehe ya mahari. Alitaka mkoba wa ngozi wa rangi ya udongo, wa jina kubwa la Italia. Bei yake euro 1,300. Nikaupata kwenye duka moja la mtandaoni la huko Ulaya kwa punguzo la asilimia 40, yaani euro 780, ambayo kwa kadi yangu ilisoma kama shilingi 117,000. Siku zilikuwa zimebana, kwa hivyo sikupitisha kwa ajenti. Nikaagiza uje moja kwa moja kwa kuria, hawa wa kusafirisha vifurushi. Hapo ndipo serikali nayo ikakaa mezani: ushuru wa forodha asilimia 35, VAT asilimia 16, na zile ada ndogondogo za uagizaji zinazofuata nyuma kama vifaranga. Jumla, elfu sabini na moja. Ukijumlisha, punguzo lote liliishia kwa KRA, watoza ushuru wetu, na mama amelipa karibu bei kamili. Hakulalamika. Alisema binti ni mmoja.

Mzigo ukafika siku tatu kabla ya sherehe. Sanduku zuri, utepe, karatasi nyembamba zile zinazolia ukizifunua. Ndani, mkoba wa rangi ya haradali.

Nikasema labda ni mwanga wa dukani. Nikautoa kwenye korido. Haradali. Mama akauchukua, akaupindua, akaunusa. Unanuka marashi, na si marashi ya dukani, ni ya mtu. Ukanda wa bega umejikunja pale unapokaa begani. Kwenye mfuko mdogo wa ndani, ule wa zipu, akatoa kibanio cha nywele na kipande cha tiketi ya kuwekea koti, namba 112. Akaviweka juu ya meza yangu polepole, kimoja baada ya kingine, kama hakimu anayepokea vielelezo. Akaniambia, "Mwanangu, huu mkoba umeshaenda sherehe kabla yangu."

Niliwahi kuaibika maishani, lakini si kwa kiwango hicho.

Nikaanza safari ya kurudisha. Duka linajisifu kwamba kurudisha ni bure, ila kumbe ile lebo ya bure haifanyi kazi ukiwa Kenya. Nikalipa kuria mwenyewe, 14,200. Siku ya nane wakathibitisha: umepokelewa ghalani, pesa ndani ya siku 14. Siku 14 zikapita. Nikaandika. Nikajibiwa na lile roboti lao la mazungumzo:

"Asante kwa subira yako! Ombi lako linashughulikiwa."
Linashughulikiwa na nani?
"Samahani, sijaelewa. Ungependa kuona bidhaa mpya za msimu?"

Wiki ya sita nikapata binadamu. Akaniambia kuna "ucheleweshaji wa kimfumo", na kama nina haraka naweza kupewa vocha ya duka yenye nyongeza ya asilimia 10. Yaani nikukopeshe tena ili unilipe? Wiki ya kumi binadamu mwingine, jina lingine, maneno yale yale, vocha imepanda hadi asilimia 20. Mwenye pesa hapandishi vocha. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kunikata.

Mtu akisikia "duka la kifahari" anadhani pesa zimejaa humo. Wadau, hazimo. Aliyenikalia mimi si mmoja wa hawa ninaowataja hapa chini, msije mkanipeleka mahakamani. Lakini tazameni yaliyowapata wakubwa wa biashara hii, kisha mniambie kama mimi wa Moi Avenue nina matumaini.

Farfetch, la Mreno José Neves, liliingia soko la hisa la New York mwaka 2018 kwa dola 20 kwa hisa. Mapema 2021, dunia ikiwa imefungiwa ndani inaagiza viatu visivyo na pa kwenda, hisa ikapita dola 70. Desemba 2023 likanyakuliwa likiwa mahututi na Coupang ya Korea Kusini, kwa dola milioni 500, na waliokuwa na hisa wakabaki wanatazamana. Matchesfashion lilianza kama duka la kawaida kule Wimbledon mwaka 1987. Desemba hiyo hiyo ya 2023 likanunuliwa na Frasers, wenye maduka kule Uingereza, kwa pauni milioni 52. Machi 2024, hata miezi mitatu haijaisha, likakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi, na wabunifu wadogo waliokuwa wameshapeleka nguo zao wakabaki na ankara mkononi.

Halafu Net-a-Porter, lililotufundisha sote biashara hii. Natalie Massenet alilianzisha London mwaka 2000, na lile sanduku lake jeusi lenye utepe, hapa Nairobi, lilikuwa na soko lake peke yake. Sitanii. Kuna vijana walikuwa wanakuja kaduka kwangu kuuliza kama nina masanduku matupu, wanayanunua, wanatia mikoba feki ndani. Sasa sikilizeni: Richemont, wale wenye Cartier, walipotaka kuliondoa mikononi mwao pamoja na mwenzake Yoox, walilikabidhi kwa Mytheresa ya Munich likiwa na euro milioni 555 taslimu ndani, wao wakachukua theluthi ya hisa za Mytheresa. Biashara ikakamilika Aprili 2025. Mwenye ng'ombe anakupa ng'ombe, kisha anakutilia mfukoni na pesa ya majani. Ukiona hivyo ujue yule ng'ombe anakula kuliko anavyokamuliwa.

Na Ssense ya Montreal, iliyokuwa kipenzi cha vijana wangu wa Kilimani, Agosti 2025 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, wiki ile ile Marekani ilipofuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800.

Walifikaje hapo? Mimi nimekaa ndani ya hii biashara kama panya kwenye ghala, acha niwaambie nilichokiona. Maduka mengi ya aina hii yananunua mzigo kwa jumla, miezi mingi kabla ya msimu, kwa kubahatisha. Usipouzika, pesa imelala. Wanaweka asilimia 20, jirani anaweka 30, huyu anaweka 40. Mteja naye si mjinga. Mimi mwenyewe nina wateja ambao tangu 2019 hawajawahi kulipa bei kamili hata mara moja. Ilikuwa nikiona kiatu Machi, namwambia mteja tulia, Juni kitashuka chenyewe. Na kinashuka! Kwenye simu nilikuwa na anwani tisa za barua pepe ili kila moja ipate lile punguzo la mteja mpya. Sioni haya kulisema, kila mtu wa kazi hii alifanya hivyo.

Wenye majina makubwa walipoona mikoba yao inapigwa bei ya jioni kama nyanya, wakaanza kujitoa. Louis Vuitton tangu zamani anauza kwenye maduka yake mwenyewe na hana habari ya punguzo. Kering, wenye Gucci na Saint Laurent, walikuwa wameshaamua kurudisha mauzo yao ya mtandaoni nyumbani ifikapo 2020. Wengine wakasema sawa, tutakaa kwenye tovuti yako, lakini mzigo ni wetu, bei tunapanga sisi, wewe utakula kamisheni. Kwa hiyo duka likabaki na vile ambavyo mwenyewe hakuvitaka sana.

Na juu ya hayo yote, kurudisha bure. Hili ndilo linaloniuma, maana ndilo lililoniletea namba 112. Mtu huko anaagiza magauni manne, anavaa moja Jumamosi, Jumatatu anarudisha yote manne. Kuria analipwa kwenda na kurudi, mtu analipwa ghalani kukunja, kupiga pasi, kukagua. Pesa ikipungua, wa kwanza kufukuzwa ni yule wa kukagua. Basi mkoba wenye kibanio cha mtu unafungwa utepe na kutumwa Lang'ata, kwa sababu nani wa Lang'ata atasumbua?

Mytheresa yenyewe inasimama kwa sababu inawahangaikia wateja wachache wanaomwaga pesa. Mimi na mkoba wangu mmoja kwa miezi miwili hatumo kwenye orodha hiyo.

Sasa benki. Nilipochoka na vocha nikaenda kupinga malipo ya kadi. Dada wa kaunta, mpole kabisa, akaniuliza muamala ni wa lini. Akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya mezani. Akasema kwa kesi kama yangu ni siku 120, na zimeshapita. Nilizimaliza nikijibiwa "asante kwa subira yako". Nina uhakika kabisa ndiyo kazi ya lile roboti: kumaliza siku za watu.

Hapa nyumbani nako? Sheria ya kumlinda mlaji tunayo, ya mwaka 2012, lakini nitampelekea nani barua ya madai? Hawana ofisi hapa, hawana hata kibao mlangoni. Na KRA sijathubutu kwenda kudai ushuru wa mkoba uliokuja na kuondoka. Nikianza foleni hiyo nitaimaliza na mvi.

Mama wa Lang'ata alinipa 200,000. Nimeshamrudishia 80,000 kutoka akiba yangu na 30,000 ya chama chetu cha kuweka na kukopa, na kila Ijumaa namtumia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Hajanitukana hata siku moja. Ananijibu "nimepata, asante", basi. Afadhali angenitukana.

Ninachoomba: kama kuna mtu humu, akiwa Kenya, amewahi kurudishiwa pesa na duka la namna hii baada ya siku 120, aniambie alipitia mlango gani. Wa kunishauri nichukue vocha, tafadhali pita tu.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Nimesoma majibu. Aliyesema "si ungeenda Gikomba", ndugu, mama alikwenda soko hilo la mitumba. Siku moja kabla ya ruracio alishuka kule alfajiri marobota yakifunguliwa, akapata kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, mkoba wa ngozi halisi, rangi ya udongo, 3,500. Mfuko wa ndani ulikuwa mtupu.

Aliyesema hizi ni shida za matajiri: mimi napanda matatu ya Umoja kama wewe.

Na aliyeuliza kama ule wa haradali wamekiri kuupokea, ndiyo, barua pepe ninayo. Nimeingia kwenye tovuti yao sasa hivi. Upo. Haradali, asilimia 50, "umebaki mmoja tu".

Nimeurudisha nikiwa nimetoa kile kibanio. Tiketi niliiacha mle mle.