Yule jamaa kwenye picha za kale za Misri ni nani?

kijana_wa_ghala: Wakuu habari zenu. Naangalia picha za mahekalu ya Misri alizopiga yule Mfaransa Maxime Du Camp karne ya 19, sasa kuna jamaa mmoja anajirudia picha nyingi tu, mara kakaa juu kabisa ya taji la sanamu, mara kajibanza kwenye nguzo, kajifunga kitambaa kiunoni, katulia tuli. Ni nani huyu? Na mbona watu wengine hawaonekani? Mwenye kujua atujuze

Mzee wa Makumbusho: Huyo ni Hadji Ishmael mkuu, Mnubi, baharia wa mashua waliyokodi Du Camp na rafiki yake mwandishi Gustave Flaubert kupanda mto Nile mwaka 1850. Alikuwa anawekwa pale awe kipimo, maana sanamu za hekalu la Abu Simbel, kule Nubia kusini mwa Misri, zina kama mita 20 na bila mtu huwezi kuuona ukubwa wake. Sasa kinachoniuma, Du Camp kaandika mwenyewe kwamba ili jamaa asitikisike alimwambia lile bomba la shaba la lenzi ni mzinga, akijigusa tu unammiminia risasi. Yani mtu anapandishwa huko juu na roho mkononi

Dada Asha: Kuhusu watu kutoonekana, zile negativu (picha ya kwanza inayotoka kwenye kamera, ndo wanasafishia nyingine) zilikuwa za karatasi, mwanga ulichukua muda kuingia, kwahiyo anayepita anafutika au anabaki ukungu. Miaka michache baadae mpiga picha Mwingereza Francis Frith alikuja na vioo badala ya karatasi, unakimwagia kioo dawa, unapiga na kusafisha kabla haijakauka, humo humo ndani ya hema la giza, na joto la Nubia lile akasema dawa ilikuwa inachemka akiimwaga

kijana_wa_ghala: Duh asanteni sana. Na mbona Abu Simbel ya kwenye picha imefukiwa na mchanga hivyo?

Mzee wa Makumbusho: Ndo ilivyokuwa, Du Camp ilibidi awafukulishe mabaharia mchanga ili uso wa sanamu moja utokee. Na hapo pana maji sasa hivi, hekalu lilikatwa vipande likahamishiwa juu 1964 mpaka 1968 kwa ajili ya bwawa la Aswan. Armant, mji mwingine wa Misri, ndo balaa zaidi, hekalu lake la enzi za Cleopatra lilivunjwa mawe yakajengea kiwanda cha sukari, tumebaki na picha. Ingia tovuti ya Metropolitan Museum ya New York, wameziweka bure, ile ya Abu Simbel ivute karibu utamwona Ishmael kule juu