Naomba ushauri: CRP ya panya wangu haipandi

Ndugu zangu wa kikundi, habari za siku. Niko Bukavu, namalizia kazi ya mwisho wa masomo ya biolojia, na nimekwama.

Nachunguza protini ambazo ini humwaga damuni mwili ukipata uvimbe wa ghafla. Nina panya wadogo 12: sita weusi wa ukoo wa C57BL/6, sita wa kahawia iliyofifia wa DBA/2. Niliwachoma tapentaini chini ya ngozi, nikatoa damu baada ya saa 24. Pale penye sindano pamevimba kama punje ya maharagwe, lakini CRP (C-reactive protein, mojawapo ya protini hizo za ini) imelala palepale. Kwanza nililaumu friji (umeme wa hapa Ibanda mnaujua). Nikarudia kwa damu iliyotoka kuchotwa: vilevile.

Mwalimu anayenisimamia anasisitiza CRP, kwa sababu kwa binadamu hupanda mara mia na zaidi. Ila nimesoma kwamba kwa panya hawa husogea kidogo tu, na zinazopanda kweli ni protini nyingine mbili za ini, SAA (serum amyloid A) na SAP (serum amyloid P). Tena DBA/2 wana SAP nyingi hata wakiwa wazima, C57BL/6 wana kidogo. Hapo ndipo kichwa kinaniuma.

Pesa yangu inatosha kit moja tu (seti ya vifaa vya kupimia protini moja), na seramu (majimaji ya damu) iliyobaki ni matone machache kwa kila kichupa. Je, ninunue ya SAA au ya SAP? Na nikichukua SAP, nilinganishe koo hizi mbili moja kwa moja, au kila ukoo na wazima wake?

Aksanti sana.