Siku moja Otranto na mama, magoti yanamsumbua: tuone nini?

Kijana wa Tanga:
Habari zenu wakubwa. Nasoma Bari, kusini mwa Italia, na mama anakuja kunitembelea mwisho wa Septemba. Ana miaka 64, magoti yanamsumbua na ngazi nyingi haziwezi. Otranto, mji wa pwani huku kusini, nimeusikia sana. Kuna cha kuona bila kupanda na kushuka? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho nakiwazia. Gari sina.

Binti Malindi:
Mdogo wangu, karibu Salento, kisigino cha Italia. Miaka tisa nimeishi Maglie, mji mdogo karibu na Otranto, nikimtunza bibi mmoja wa huko, na Otranto tulikwenda kila alipopata nguvu.

Kwanza, msitoke Bari mkarudi siku hiyohiyo, utamchosha mama. Laleni Lecce, mji mkubwa wa huku. Asubuhi mchukue treni ndogo ya Sud Est, shirika la reli la huku, mnabadilisha Maglie. Jumapili usiitegemee. Kutoka stesheni hadi mji wa kale ni mteremko wa kama kilomita moja, lakini kurudi ni kupanda, hapo mtafutie teksi. Avae viatu visivyoteleza, maana mawe ya vichochoro yamelainishwa na nyayo.

Mwendo wa kwanza uwe kanisa kuu, mapema, kwa sababu mchana hufungwa. Sakafu nzima ni picha ya vijiwe, kazi ya mtawa Pantaleone, kati ya 1163 na 1165. Mti mkubwa umeanzia karibu na mlango ukapanda hadi mbele, na chini umebebwa na tembo wawili. Tembo, huku! Siku ya kwanza nilisimama pale hadi bibi akanivuta mkono. Kuna safina ya Nuhu, kuna mnara wa Babeli, na kuna duara 12 za miezi, kila mwezi na kazi yake ya shamba. Kama mama amewahi kulima, atazisoma bila mkalimani. Mpe muda, akae kwenye benchi.

Mbele upande wa kulia kuna makabati ya vioo yenye mafuvu na mifupa. Ni ya wanaume wa mji, kama 800, waliouawa Agosti 1480 jeshi la Waturuki lilipouteka mji. Papa Francis aliwatangaza watakatifu mwaka 2013. Mwambie mama kabla hamjafika, achague mwenyewe. Mimi pia ni Mwislamu, na bibi alipokuwa akisali pale nilimshikia mkoba wake nikanyamaza. Mtandio wa mama hautamsumbua mtu.

Halafu upepo. Watu wa huku wanaishi kwa pepo mbili kama sisi na kusi na kaskazi. Ikivuma tramontana kutoka kaskazini, bahari ya Otranto inachafuka lakini hewa inakuwa safi, na mkiwa ukutani juu ya bandari mnaweza kuiona milima ya Albania. Ikivuma scirocco kutoka kusini-mashariki, maji yanatulia, ila upeo unajaa ukungu. Kila asubuhi bibi alifungua dirisha, akavuta pumzi, akasema jina la upepo. Sikumbuki akikosea.

Chakula: ulizeni pweza wa chungu, *polpo alla pignata*. Wengine humtia mvinyo, kwa hiyo semeni mapema. Kitobosha chao, pasticciotto, kwa asili unga wake hukandwa na mafuta ya nguruwe. Usile kabla hujauliza.

Dereva wa Lecce:
Dada amemaliza. Naongeza mawili tu kama mtapata gari: ziwa la machimbo ya zamani ya bauxite, madini ya kutengenezea alumini, maji ya kijani katikati ya udongo mwekundu kabisa, na mnara wa taa wa Palascìa, ncha ya mashariki kuliko zote Italia. Njia ya kushuka mnarani ni ya mawe. Mama abaki juu barabarani, anaona vizuri. Pango la Zinzulusa kule Castro liacheni, ni ngazi tupu.

Kijana wa Tanga:
Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote kwa simu. Ya tembo amefurahi, lakini swali lake ni moja: huyo pweza anapikwa na nazi?

Binti Malindi:
Msalimie sana, mwambie shikamoo. Nazi hakuna: ni nyanya, viazi na mafuta ya zeituni, moto mdogo, muda mrefu. Pilipili yao haifiki popote, abebe yake.