Mafundi wanaounga betri za lithiamu moja kwa moja kwenye alteneta ya boti wanatuunguzia mali na kutuhatarishia maisha

Ndugu mabaharia, manahodha na wenye boti za matanga,

Ninaleta malalamiko haya nikiwa na uchungu mkubwa. Karakana iliyohusika siitaji jina, kwa kuwa mtindo wa kazi ninaoulalamikia hauko kwao peke yao, lakini walichonifanyia nitakieleza chote.

Nilipeleka boti ibadilishiwe betri za matumizi ya ndani, yaani zile zinazoendesha friji, taa, redio na usukani wa kujiendesha. Zilizokuwemo zilikuwa betri za maji. Nilitaka lithiamu kwa sababu ni nyepesi na hustahimili kutumika karibu hadi mwisho, ilhali betri ya maji ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huzeeka upesi. Niliwaeleza waziwazi kwamba boti hulala nangani, kwamba paneli zangu za sola ni ndogo, na kwamba wakati wa masika, mawingu yanapotanda, umeme wangu mwingi hutoka kwenye alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme. Wakanijibu kuwa hakuna cha kuongeza: betri mpya zitakaa mahali pa zile za zamani, kwa waya zilezile na alteneta ileile ya ampea 80, na zitajichaji zenyewe. Alteneta iliungua tukiwa katika Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Pemba na bara. Nilipowarudia, wakasema ilikuwa imechoka.

Haikuwa imechoka. Betri ya maji, kadiri inavyojaa, ndivyo inavyopunguza kiasi cha umeme inachopokea, kiasi kwamba asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi kuingia, na muda wote huo alteneta inafanya kazi nyepesi. Ndiyo maana alteneta ya kawaida hudumu kwa miaka mingi. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, kwa hiyo hupokea kila ampea inayopewa mpaka inapokaribia kujaa, na alteneta hulazimika kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima au zaidi bila kupumzika. Zile ampea 80 zilizoandikwa kwenye kibandiko hupatikana alteneta ikiwa ya baridi na ikizunguka kwa kasi. Haikuundwa kuzitoa mfululizo ndani ya chumba cha injini kilichofungwa, katika joto la pwani yetu. Kidhibiti kilichomo ndani yake hutazama volti tu na hakijui kwamba koili zinaungua.

Lililonikasirisha kuliko yote ni ushauri walionipa kwa simu nilipowaambia kwamba nasikia harufu ya moto: «Punguza mafuta, iache injini kwenye silensa.» Fundi wa umeme wa boti anatoaje ushauri huo? Feni inayoipoza alteneta imefungwa kwenye mhimili wake wenyewe, kwa hiyo injini ikipungua kasi, upepo nao hupungua, huku betri ikiendelea kuvuta kila inachoweza. Hapo ndipo alteneta huungua upesi zaidi, na jambo hili linafahamika kwa kila mtu anayefanya kazi hii kwa uaminifu.

Kuna hatari nyingine ambayo hawakunigusia hata kwa neno moja. Betri ya lithiamu ina mfumo wa kujilinda ndani yake, na volti au joto likizidi kiwango, mfumo huo huikata betri ghafla. Ikikatwa wakati alteneta inatoa umeme mwingi, umeme huo unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu kwa mara moja, daiodi za alteneta, yaani vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zinapasuka, na redio, kifaa cha ramani na chochote kilichowashwa vinaweza kuangamia pamoja nazo. Kiwango E-13 cha ABYC, baraza la Marekani linaloshughulikia boti na yoti, kilichotolewa mwaka 2022, kinataka mfumo huo umtahadharishe nahodha kwa sauti au taa kabla ya kuikata betri. Kabla yake, mwaka 2021, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa waraka ISO/TS 23625 kuhusu betri hizi kwenye vyombo vidogo. Maarifa yapo na yameandikwa. Anayetoza pesa kwa kazi hii ana wajibu wa kuyajua.

Nilipofungua paneli na kufuatilia waya, nilikuta uzembe mwingine. Ili betri ya kuwashia injini nayo ipate chaji, walikuwa wameweka kigawanyaji cha daiodi cha aina ya zamani, ambacho hupoteza takribani volti 0.7 njiani. Kidhibiti cha alteneta yangu hupima volti kwenye alteneta yenyewe, si kwenye betri. Kikitoa 14.2, betri ya kuwashia, ambayo bado ni ya maji, inapata 13.5, na kwa volti hizo haiwezi kujaa sawasawa kwa muda mfupi ambao injini ya boti ya tanga huwashwa. Betri ya maji inayoachwa nusu kila siku hujenga salfeti kwenye bamba zake na kufa kabla ya wakati. Waya waliyoiacha kwenda kwenye betri za ndani ni ya milimita 16 za mraba, yenye urefu wa mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Kwa ampea 60, waya hiyo peke yake inakula nusu volti. Fyuzi karibu na betri haikuwapo kabisa. Betri ya lithiamu inaweza kumwaga mamia ya ampea waya zikigusana, na boti yangu imejengwa kwa faiba, ambayo inawaka.

Kazi sahihi haikuwa ngumu. Alteneta ingeachwa ichaji betri ya kuwashia peke yake, kisha kati ya betri hiyo na zile za lithiamu ikawekwa chaja ya betri kwa betri, ya ampea 30 kwa mfano, ambayo haivuti zaidi ya kiwango chake. Lithiamu ikijikata, alteneta bado ina betri ya kuishikilia na hakuna kinachopasuka. Anayetaka chaji ya haraka zaidi huweka kidhibiti cha nje chenye kipimo cha joto kilichofungwa kwenye mwili wa alteneta, kinachopunguza nguvu inapopata moto. Chaja hiyo ingeongeza gharama, ndiyo, na mimi ningelipa. Sikupewa nafasi ya kuchagua.

Gari likikosa umeme, dereva hulisogeza pembeni ya barabara. Sisi tulikuwa usiku, kusi imekaza, na mkondo wa bahari unaosukuma kaskazini mwaka mzima ukituchukua, katika maji yanayopitiwa na meli kubwa. Tulizima friji na usukani wa kujiendesha, tukabakiza taa za safari, redio na pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya boti, tukashika usukani kwa zamu hadi asubuhi. Matanga yalitufikisha. Hao waliolipwa wahakikishe tuna umeme hawakuchangia chochote katika kufika kwetu.

Madai yangu kwao nimeyaandika kwa barua: warudishe gharama ya alteneta, waondoe kile kigawanyaji, waweke fyuzi na waya ya kutosha, na wanikabidhi mchoro wa namna kila kitu kilivyounganishwa, wenye sahihi ya fundi aliyefanya kazi. Hadi sasa wamejibu dai la mchoro tu, nalo wamelikataa, wakisema hawana desturi ya kuchora.

Kwa hiyo nawauliza mliowahi kufungiwa lithiamu na karakana yoyote ya pwani: je, mlipewa mchoro, na alteneta yenu imeungana na nini? Atakayekuta waya imetoka kwenye alteneta na kwenda moja kwa moja kwenye lithiamu, namsihi asiwashe injini kwa safari nyingine kabla ya kuitenganisha.